Irudisheni sehemu ya kukunja nguo: barua ya wazi kwa wakuu wa vipindi vya televisheni na watayarishaji wa tamthilia

Wakuu wa vipindi, watayarishaji, waandishi na wahariri wa picha,

Assalaam aleikum. Na ambao salamu yenu ni nyingine, habari za kazi.

Nawaandikia kutoka Makorora, Tanga. Kazi yangu ni ushonaji, na kibandani kwangu kuna televisheni ambayo huwaka tangu asubuhi mpaka ninapofunga. Kwa hiyo tamthilia zenu huwa sizitazami peke yangu. Nazitazama na wateja, na majirani, na yeyote aliyekuwa anapita akasimama mlangoni. Leo nina jambo moja tu. Kuna sehemu ya tamthilia iliyorushwa usiku mmoja, watu wakanung'unika, wakubwa wa kituo wakashtuka, na ilipofika kwenye marudio ya mwisho wa wiki ilikuwa imeshakatwakatwa. Naomba sehemu ile irushwe tena, nzima, kama walioitengeneza walivyoitengeneza.

Jina la tamthilia na la kituo siyataji. Lililofanywa kwa sehemu ile linaweza kufanywa kesho na kituo kingine, na nataka barua hii imfikie kila mwenye mamlaka ya kukata. Walioiona wataitambua tu.

Kwa ambaye hakuiona nitasimulia, maana hoja yangu yote imo humo. Msimu mzima tulikuwa na bi mkubwa na bi mdogo wanaogombea nyumba na shamba la minazi. Tumeona sumu kwenye chai, mimba ya uongo, mganga wa usiku, mtoto katekwa, gari limechomwa moto. Kisha mume akafariki. Kionjo kikatuambia vita ndiyo kwanza vinaanza, nasi tukajikalia tayari. Sehemu ikafunguka wageni wa matanga wameshaondoka. Wajane wote wawili wamo edani, vizuka wawili kwenye ua mmoja, kila mmoja na chumba chake, na miezi minne na siku kumi iko mbele yao. Shemeji kaleta sanduku la nguo za marehemu: zikunjwe, zichambuliwe, zitolewe sadaka. Wanakaa mkekani wanakunja. Dakika 40 zinakwisha, bado wanakunja.

Bi mkubwa ana namna yake ya zamani, mikono ya kanzu inaingia ndani kwanza ndipo mwili unafuata. Bi mdogo anakunja anavyojua, halafu, bila kuambiwa na mtu, anaanza kufuata namna ya mwenzake. Hakuna aliyelisemea hilo, na kamera haikusogea kutuonyesha. Ukiangalia unaliona, usipoangalia linakupita. Misuli inawekwa huku, mashati kule, kofia za viua juu ya kiti. Kisha bi mkubwa anaokota kanzu moja nyeupe, kidole gumba chake kinapita ukingoni mwa mfuko, na hapo kinasimama.

"Umeishona wewe hii?"

"Ndiyo."

"Uzi si wake."

"Ndio uliokuwepo."

Kimya kinaingia, kirefu kweli. Jenereta ya jirani inasikika, mtoto wa nyumba ya pili analia. Halafu bi mkubwa anaikunja kanzu ile, taratibu kuliko nguo zote zilizotangulia, na badala ya kuiweka kwenye rundo la sadaka anaisogeza upande wa bi mdogo. Bi mdogo anaipokea, anaiweka mapajani. Hasemi ahsante. Wanaendelea na mashati.

Mimi ni fundi, na mshono wa mkono naujua kama karani anavyojua mwandiko. Mwanamke ambaye kila nguo ya mumewe imepita mikononi mwake kwa miaka na miaka, anakuta kwenye mfuko wa kanzu mishono ya mwanamke mwingine. Maana yake kanzu ilichanikia kwenye nyumba ya pili, na yupo mtu aliyeliona tundu kabla yake, akatafuta sindano, akakosa uzi wa rangi yake, akashona hivyo hivyo kwa kuwa mwenye kanzu alikuwa anatoka. Yote hayo yamo kwenye swali la maneno matatu. Waandishi wangeweza kumfanya yule mama apige mayowe na kumrukia mwenzake, na sote tungeshangilia. Hawakufanya hivyo. Nawapa hongera yao kwa moyo wangu wote, na waigizaji wale wawili Mungu awazidishie, maana kunyamaza mbele ya kamera kwa muda wote ule ukaeleweka si kazi ya mchezo.

Sasa niwaambie watazamaji walivyoipokea, kwa sababu naamini hapa ndipo hesabu yenu ilipokwenda vibaya.

Usiku ule kibanda kilijaa, kama kawaida baada ya taarifa ya habari. Vijana wawili wa bodaboda waliondoka sanduku halijafika nusu. Mmoja akasema tangu mlangoni, "Kama ni kukunja tu, si wangeleta na pasi," watu wakacheka. Chini ya skrini meseji zilikuwa zinapita: leo hakuna kitu, bajeti imeisha nini, turudishieni tamthilia yetu. Mama mmoja aliyekuja na mtoto wake mgonjwa akasema amekaa usingizi unamuuma kwa ajili ya vita, na vita hakuviona. Kesho yake asubuhi kwenye kahawa pale Ngamiani wanaume waliiponda wakahamia kwenye mpira. Mtu akiandika ripoti kwa kusikiliza saa kumi na mbili za kwanza, ataandika kwamba sehemu imekufa. Nadhani ndivyo ilivyoandikwa.

Lakini mimi nilibaki nao. Siku zilizofuata, mteja anakuja kuchukua gauni, anakaa, na kabla hajaulizia gauni anauliza, hivi bi mkubwa alimpa ile kanzu kwa nini? Mmoja akasema ni ukarimu: kanzu imeshonwa na mkono wa bi mdogo, basi ni yake. Mwenzake akaja juu, ukarimu gani, huyo kamrudishia kazi yake mbovu, kamwambia chukua uchafu wako. Wakavutana mpaka nikasimamisha cherehani. Kesho yake waliendelea wengine ambao hata hawakuwepo kwenye ule mvutano wa kwanza. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ukewenza ameukaa ujana wake wote, aliwasikiliza, kisha akawauliza, "Mmeona bi mdogo hakusema ahsante? Angesema ahsante, ugomvi ungerudi palepale." Kibanda kikatulia. Tulikuwa watu wazima, tuna ndoa na talaka zetu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelifikiria lile.

Katika msimu wote ule sijasikia mtu akibishana kuhusu mtoto aliyetekwa. Alitekwa, akapatikana, tukalala. Gari lilichomwa na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kanzu iliyosogezwa kiasi cha shubiri moja mkekani ilizungumzwa wiki nzima, na waliokuwa wanaizungumza hawakutuma meseji hata moja kwenu. Wanawake wale hawana tabia ya kutuma meseji kwenye televisheni, na isitoshe wakati meseji zinapita walikuwa bado hawajajua wanataka kusema nini.

Yule kijana wa bodaboda mpaka leo anasema sehemu ile ilimchosha. Ni haki yake, na sitaki abadilike kwa sababu yangu. Ninachosema ni kwamba yeye alisikika siku ileile, na wale wengine hawajasikika mpaka leo.

Tanga hatukuanza jana kuketi mbele ya wasanii. Huu ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji ambao taarabu yake ilisikika mpaka Mombasa na ng'ambo ya hapo. Wazee wetu walikaa kwenye viti, wimbo ukaenda pole, kiitikio kikarudi na kurudi, na mtu aliyeguswa na ubeti alinyanyuka, akatembea kwa madaha mpaka mbele, akatuza, akarudi kukaa. Ili utuze ubeti lazima kwanza uusubiri. Na uwanja mzima ulikuona unanyanyuka kwa ubeti upi, kwa hiyo ulikuwa umeshajipima moyoni kwamba huu kweli ni wako. Leo neno la mtazamaji linafika kabla ya sentensi ya mwigizaji kumalizika. Sishutumu simu, ninayo. Nawaomba ninyi mnaopima mtofautishe neno la namna ile na neno la namna hii.

Nikubali na upande wa pili, kwa sababu wanaonung'unika wana kisa chao cha haki. Sisi watazamaji wa Tanzania tumechoshwa na uchelewaji wa aina nyingine kabisa, na aliyetuchosha ni fani yenyewe. Mnaikumbuka miaka ya filamu za diski, hadithi moja inauzwa mara mbili, pati ya kwanza na pati ya pili, kila moja kwa bei yake? Hadithi ya saa moja ilivutwa ijaze diski mbili. Ndipo tukapata honi getini, mlinzi anakuja, geti linafunguka lote, gari linaingia, linageuza, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka kibarazani, anapiga hodi. Halafu wanasalimiana. Halafu ndipo anaambiwa aliyemfuata hayupo. Mtu aliyetazama mageti yale kwa miaka ana sababu ya kuwa na shaka akiona kitu kinakwenda polepole. Ameshaibiwa muda wake.

Kwa hiyo sitetei upole wowote ule. Ukiliondoa geti, hadithi haipungukiwi kitu. Ukiiondoa kanzu, hadithi inabomoka, na nitawaonyesha hapa chini ilivyobomoka. Mhariri mwenye jicho anaijua tofauti hiyo kuliko mimi, na ningefurahi sana kama mkasi uliotumika kwenye sehemu ile ungepelekwa kwenye mageti, maana bado yapo.

Halafu wapo wanaosema Mtanzania hana subira ya mhusika, anataka matukio. Hili linaniuma. Sisi ni watu wa redio. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, na ndani yake mlikuwa na Mkwaju, dereva wa malori, na mkewe Tunu. Mkwaju hakubadilishwa kwa sehemu moja. Tulimfuata kituo kwa kituo, mwanamke kwa mwanamke, tukimsikia akijidanganya kwa miaka, na Tunu tulimsikia akivumilia, akijiuliza, akavumilia tena, mpaka alipomwacha akaanzisha biashara yake mwenyewe. Ilikuwa redio tupu, hakuna sura wala gari la kuchoma. Watu waliacha chungu mekoni wakasikilize mke wa dereva anaamua nini. Wataalamu waliupima mchezo ule kwa kuuzuia usirushwe Dodoma mpaka 1995 ili walinganishe, na uligundulika kuwa umebadili mwenendo wa watu kwenye uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Haiwezekani taifa lililosikiliza hivyo likaambiwa halina subira. Televisheni ndiyo mgeni, imeingia Tanzania Bara mwaka 1994, ingawa Zanzibar walitutangulia tangu 1973. Sikio letu lilishafunzwa kumngoja mtu kabla macho hayajapewa chochote cha kutazama.

Na hizo tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, mnazozirusha wenyewe saa za watu wengi? Kwao Uturuki sehemu moja hufika muda wa saa mbili au zaidi, mara moja kwa wiki, na zikiuzwa nje ndipo hukatwa vipande vifupi. Humo ndani mtu anamtazama mtu. Anamtazama kweli: sura ya huyu, sura ya yule, dirisha, mkono kwenye kitasa, sura ya huyu tena. Kibanda changu kinatulia tuli, na wale wale waliosema kukunja nguo kunachosha wanaambiana nyamazeni. Wala siwalaumu. Nasema tu kwamba subira ipo, ila inapewa wageni kwa sababu kituo hakiwaombei radhi wageni. Tamthilia ya Kituruki ikienda polepole mnaacha ijieleze. Yetu ikienda polepole mara moja, wiki inayofuata mnatangaza kwamba mambo yamerudi kuwa moto, kama vile yaliyopita yalikuwa makosa.

Hata huko kwenye fedha nyingi jambo hili limewapata. Mwaka 2010 kituo cha AMC cha Marekani kilirusha sehemu ya tamthilia ya Breaking Bad ambayo karibu yote imo ndani ya maabara moja, wanaume wawili wanamwinda nzi. Ilitengenezwa namna hiyo kwa sababu bajeti ya msimu ilikuwa imezidi. Watazamaji waligawanyika na mpaka leo wamegawanyika: wapo wanaoiita mbovu kuliko zote, na wapo wahakiki wanaoiweka kwenye zilizo bora. Hakuna aliyeipunguza ili kuwaridhisha wa kwanza. Ipo kama ilivyokuwa, na kila anayeianza tamthilia ile leo anafika kwenye nzi na kuamua mwenyewe.

Suala la fedha lingepaswa kuwavutia. Nimewahi kushona mavazi ya mchezo uliopigwa hapa Tanga, nikaona mahali pesa zinapokwendea: magari ya kukodi, mafuta, chakula cha watu wengi, kulipia nyumba ya kifahari kwa siku, mvua ikinyesha kila kitu kinahamia kesho. Chumba kimoja, mkeka mmoja na waigizaji wawili hakigharimu hivyo. Kinachotakiwa hapo ni muswada ulioandikwa kwa makini, muda wa mazoezi, sauti iliyorekodiwa vizuri, na waigizaji wanaojua kazi. Waigizaji hao tunao. Pale Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo ilianza 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, na vijana wanafunzwa jukwaani, mahali ambapo huwezi kujificha nyuma ya kamera ikigeuzwa. Wanatoka pale wanajua kusimama, kusikiliza, kushika kimya. Kisha tunawapa kazi ya kufoka na kuzabana vibao msimu baada ya msimu. Wale wawili wa mkekani walipopewa nafasi ya kufanya walichojifunza, mliwakata.

Nije kwenye kukata kwenyewe. Marudio ya Jumamosi niliyatazama kwa hamu, nimewaita na wawili waliokuwa wameikosa. Mikunjo ya mwanzo haipo, kwa hiyo bi mdogo haonekani akijifunza kwa mwenzake. Mazungumzo ya uzi hayapo. Kanzu inaonekana ghafla mapajani mwa bi mdogo na hakuna anayejua imefikaje. Jenereta na mtoto anayelia vimefunikwa na kinanda cha huzuni, kile kile kinachopigwa kila anapokufa mtu. Katikati yake matangazo yaliingia, halafu zikaja picha za sehemu ijayo, kelele na mapanga. Wale wawili niliowaita walinitazama kama nimewadanganya.

Na madhara hayakuishia pale. Eda ilipokwisha, kesi ya mirathi ikafika Mahakama ya Mwanzo. Bi mdogo, aliyekuwa ameapa kumzuia bi mkubwa asiwe msimamizi wa mirathi, anasimama mbele ya hakimu anasema hana pingamizi. Hatoi sababu. Sisi tulioiona sehemu nzima tulielewa, hatukuhitaji kuambiwa. Waliotazama marudio walipigwa na butwaa. Mbona kageuka? Mmoja akasema kalishwa kitu. Mwingine akasema ni yule mganga wa mwanzo, kazi yake imejibu. Wakakubaliana hivyo, wakaondoka na hivyo. Mwandishi aliandika wanawake wawili wanaotambuana kwa njia ya mfuko ulioshonwa, na watazamaji wake wakaenda nyumbani na hadithi ya uchawi, kwa sababu sababu halisi ilibaki kwenye chumba cha mhariri. Kisha wiki iliyofuata nikasikia wakisema tamthilia siku hizi haina mantiki. Lawama hiyo alitupiwa mwandishi, na haikuwa yake.

Nalifikiria jambo hili pia kama mwanamke wa pwani. Maisha ya edani hayaonyeshwi. Kwenye tamthilia zetu mjane hulia siku ya maziko, na tukio linalofuata ameshavaa vizuri anagombea nyumba. Ile miezi minne na siku kumi, ndani, na watu waliokuja wakaondoka, na vitu vya marehemu vilivyobaki kila pembe, inarukwa siku zote kwa madai kwamba hakuna kinachotokea. Nimewashonea wanawake wengi nguo za kutokea eda. Wanakuja kupimwa, wananyamaza, halafu unamuuliza mikono iwe mirefu kiasi gani na anaanza kusimulia. Kinachotokea mle ni kingi. Mara ile moja televisheni ilikaa nao, na wapo waliojiona. Najua kwa sababu waliniambia, si kwa maneno mengi.

Basi ombi ni hili. Sehemu ile irushwe tena nzima, dakika zake zote 40, bila kinanda, na matangazo yawekwe mwanzoni na mwishoni ili mkeka usikatizwe. Itangazwe mapema siku na saa, baada ya isha, ili mtu aje akijua anakuja kutazama nini na asiahidiwe mapanga. Nadhani nusu ya manung'uniko ya usiku ule yalitokana na kionjo. Mtu akialikwa kwenye vita akakuta watu wanakunja nguo, atakasirika hata kama kukunja kwenyewe ni kuzuri. Baada ya kuirusha, msiulize usiku huohuo. Ulizeni wiki ikishapita, na msiulize kwa simu peke yake. Mtumeni mtu akae saluni, akae kwenye kahawa, akae kwa fundi cherehani, asikilize watu wanazungumza nini bila kuulizwa.

Kwa waandishi wa sehemu ile, kama barua hii itawafikia: naelewa kwamba baada ya yaliyotokea huenda mmeambiwa msirudie. Tangu wakati ule hatujaona tena chumba na watu wawili; tumerudi kwenye magari. Nawaomba muandike nyingine. Isiwe ya eda, maana hiyo mmeshaiandika. Kuna shemeji yule aliyeleta sanduku akaondoka bila kukaa. Sote hapa tunataka kujua kwa nini hakukaa. Mkiandika, waambieni wakubwa wenu kwamba Tanga kuna watu wanaisubiri.

Na ninyi wakuu, ikiwa mtaamua kutoirusha, basi angalau nakala nzima itunzwe, isifutwe. Kitu kikishafutwa ili kirekodiwe kingine juu yake, hatuwezi tena kukitazama.

Wale wateja wangu wawili walioiona ikiwa imekatwa wameniuliza kama itarudi. Nimewajibu kwamba nimewaandikia wenyewe, na kwamba nitawapa taarifa nikipata jibu.

Wenu,
Fundi cherehani,
Makorora, Tanga